Aliyekuitikia Amekuona

Ifunda, Iringa
9 Februari 2025

Mwanangu Aroni,

Kamwene. Mimi mzima, ni goti tu linalosumbua mvua ikikaribia. Mahindi yamenifika kifuani na mbuzi mweusi amezaa mapacha. Wewe je, unakula?

Mama Bertha amerudi kutoka huko Mbeya, soko la Mwanjelwa, na habari. Anasema umeacha randa ya fundi wako seremala, unaendesha bodaboda, tena umenenepa. Hukuniambia, na sababu naijua. Huu ni mwaka wa tatu tangu gari likate kona mbele ya pikipiki ya baba yako. Yule dereva alikuja msibani akalia, akasema, "Mama, sikumwona." Nilimwamini. Lakini baba yako alikuwa mrefu kama mlango, na koti lake la bluu lilionekana toka kanisani.

Sikukatazi, una miaka ishirini na sita. Nakupa sharti moja. Unakumbuka baba yako hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia? Tulikuwa tunafika ibadani wimbo wa pili. Basi na wewe, kwenye njia panda, usipite mbele ya gari mpaka umsalimie dereva, naye aitikie. Aliyekuitikia amekuona. Siku ukipita bila kuitikiwa, lete hiyo pikipiki hapa, kuku wapate pa kulala.

Niandikie, umpe kondakta wa basi. Sauti ya simu ikikatika imekwenda. Barua naiweka ndani ya Biblia.

Mama yako


Mbeya
2 Machi 2025

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, nakula, Mama Bertha hakusema uongo. Nisamehe kwa kukuficha.

Sharti lako nalifuata, ila umenitia kwenye vituko. Nikifika njia panda nasimama, nainua mkono wa kushoto, namtazama dereva machoni. Taa za kona siziamini tena. Kuna gari linaweza kuwasha ya kulia toka Mbalizi na dereva hana habari. Juzi dereva wa lori, mtu wa Njombe, aliitikia kwa "kamwene" ya kwetu, akaendelea: habari za nyumbani, habari za viazi, wazee hawajambo? Honi zikalia nyuma yetu kama harusi.

Kijiweni wananiita Mchungaji. Jailos, bodaboda mwenzangu, ananiuliza, "Unagombea udiwani?"

Halafu kuna pikapu ya kabichi yenye vioo vyeusi. Nilipunga mkono, sikuona jibu, nikakaa pale pale. Kioo kikashuka, dada mmoja akasema, "Kaka, nimekukosea nini?" Nikamwambia nasubiri aitikie salamu. Akacheka. "Nimekuona. Pita, tutachelewa wote." Anaitwa Tupokigwe. Siku hizi kioo anakishusha mapema.

Mwanao Aroni


Ifunda
20 Machi 2025

Mwanangu,

Kamwene. Goti limetulia. Barua yako nimemsomea Mama Bertha mara mbili, na ya pili alicheka zaidi.

Nimeona jina la dereva mmoja tu katika barua nzima, na wa lori hukumwuliza lake. Sisemi kitu. Kabichi ni mboga nzuri.

Niandikie kabla ya Pasaka.

Mama yako


Ifunda
28 Aprili 2025

Aroni,

Hujambo? Pasaka imepita. Simu yako haipatikani. Nimefua koti la baba yako mara mbili na wala halikuwa chafu.

Hata mstari mmoja, mwanangu.

Mama


Mbeya
3 Mei 2025

Shikamoo mama,

Pole na mawazo. Mimi ni Tupokigwe, wa pikapu. Aroni ni mzima, yuko hapa ananiambia niandike "mzima kabisa", lakini kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, amefungwa hogo la plasta, na simu yake aliiangukia. Alikuwa anaogopa kukwambia kwa sababu ya wale kuku. Nimemgombeza.

Ilikuwa hivi. Taa zilimruhusu. Mbele yake gari dogo lilitaka kukata kona, akalipungia. Dereva alikuwa anatazama simu, hakuitikia. Aroni hakwenda. Jailos nyuma yake akapiga kelele, "Twende, Mchungaji!" akaondoka, akamgonga tairi ya nyuma, Aroni akaangukia mkono. Hapo hapo lile gari likakata kona, likapita mahali ambapo angekuwa. Mimi nilikuwa upande wa pili, niliona yote. Nikampeleka hospitali juu ya kabichi.

Dereva wake alisimama mbele, akashuka, akasema, "Sikumwona." Aroni akiwa chini akamjibu, "Najua, kaka. Ndiyo maana sikupita."

Jailos sasa anasalimia hadi baiskeli.

Anauliza: pikipiki ailete?

Wako, Tupokigwe


Ifunda
11 Mei 2025

Wanangu Aroni na Tupokigwe,

Kamweneni nyote.

Nililia, kisha nikaenda kuwapa kuku mahindi, nikawaambia watafute pengine pa kulala. Pikipiki ibaki huko. Hukupita bila kuitikiwa.

Mwambie Jailos simdai kitu. Na wewe binti, asante kwa mkono wako na mwandiko wako, unasomeka kuliko wa Aroni.

Hogo likitolewa, na daktari akikuruhusu kuendesha, nitakuja na basi la asubuhi. Nakuletea koti la baba yako, ni safi sana. Sijapanda pikipiki tangu alipoondoka, lakini siku hiyo nitapanda ya kwako. Uwe na helmeti ya pili, isiyobana masikio.

Usinikimbize. Kila njia panda utasimama, wewe utainua mkono wako na mimi nyuma nitainua wangu, na wakichelewa kuitikia tutawangoja.

Mama yenu