Jitu Langu Nililipa Jina la Mama Mkwe

Bi Nabalayo mpendwa, nakuandikia kutoka Bondeni hapa Nakuru, naomba msaada wako na ukianza kucheka tafadhali usiache kusoma, kwa sababu hata mimi nilicheka mwanzoni na sasa sicheki tena. Naitwa Natalie, nauza mapazia na shuka za mitumba, nimeolewa na Muturi huu ni mwaka wa nne, na shida yangu imetoka kwa mchezo wa simu, ule wa kupiganisha majitu, najua huenda huujui kwa hivyo nitakueleza kidogo, halafu nikueleze ya mama mkwe, halafu wewe uniambie nani ana makosa maana mimi nimeshindwa kujua.

Katika mchezo huu unalea majitu, unayalisha, unayafunza, kisha unachagua sita ya kwenda nayo vitani. Kuna ya moto, ya maji, ya umeme, ya mawe, na kila jitu lina lile linaloliweza na lile linaloliogopa, wa maji anamzima wa moto, wa umeme anamuumiza wa maji, hivyo hivyo mpaka kichwa kinauma. Mimi mwanzoni nilikuwa nabeba ya moto matupu kwa sababu yanapiga haraka, na nilikuwa nashindwa kila siku, mpaka Adongo, jirani yangu anayetengeneza simu, akaangalia kikosi changu akaniambia, "Natalie, hii si team, hii ni watu sita wako na hasira." Ndiye alinifundisha kusawazisha, kwamba unahitaji wa kupiga, wa kuponya wenzake, wa kuwachelewesha maadui, na lazima uwe na mmoja mzito wa kusimama mbele apigwe yeye wakati wengine wanajipanga. Sasa mimi na Adongo tunacheza pamoja, watu wawili kikosi kimoja, na mwisho wa mwezi huu kuna mashindano mjini na tumeshajiandikisha.

Majitu unayapa majina, na mimi niliyapa vile sisi Wakikuyu tunavyowapa watoto, la kwanza la kiume likachukua jina la marehemu baba yake Muturi, la kwanza la kike likachukua la mama yake, kisha nikaja kwa wazazi wangu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, ilikuja tu. Baba yangu, mzee Gathogo, jina lake liko kwa jitu la moto, na yeye anafurahi sana, jioni hupiga simu kutoka Molo kuuliza, "Leo nimepiga nani?" Kwa hivyo nilidhani ni kitu cha kufurahisha wazazi, Bi Nabalayo, kweli nilidhani hivyo.

Lile zito la kusimama mbele ni la mawe, ni la kike, na ndilo lina jina la mama mkwe, Waithera. Nililipata mwaka jana kabla ya Pasaka, wakati nilikuwa nimekaa tu nyumbani baada ya ile mimba kutoka, ilikuwa imefika miezi mitano na daktari alikuwa ametuambia ni msichana, hatukuwa tumemwambia mtu maana tulitaka kwenda Kuresoi Pasaka tumpe mama habari kwa mdomo, basi haikufika, na baadaye tukaona tusimwambie tu asije akaumia bure, mimi sikuwa nikila wala kulala, ndio Muturi akaniwekea huo mchezo kwa simu nipate kitu cha kufanya, na lile la mawe lilipotoka kwenye yai nikajikuta nimeshaandika Waithera, lakini hilo si jambo ninaloandikia. Ninaloandikia ni hili la mashindano na mama.

Sasa sikia. Majuma machache yaliyopita mama alikuja mjini na gunia la viazi, hakupiga simu, akaletwa na mtu wa kanisa lao mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Mimi na Adongo tulikuwa kwa kochi tunafanya mazoezi na pambano lilikuwa limepamba moto, na Adongo akishikwa na mchezo anasikika mpaka sokoni, akawa anapiga kelele, "Wacha Waithera achapwe! Hiyo ndio job yake! Achapwe tu, akizima tunaingiza mwingine!" Nikageuka, nikamwona mama amesimama na leso yake ya kichwa.

Akauliza, "Waithera gani huyo anachapwa?"

Ningenyamaza, Bi Nabalayo, lakini sikunyamaza. Nilisema, "Mum, si wewe, ni huyu hapa," nikamwonyesha simu. Na jitu lenyewe si la kuonyesha mtu, lina mgongo kama shamba lililolimwa na macho madogo sana, na wakati huo lilikuwa limelala chali.

Mama akaliangalia. Akaniuliza, "Na huyu ndiye mlimpea jina langu?"

Nikasema eeh.

Akasema, "Sawa. Basi jina langu mmeshapeana." Akaketi, akanywa chai yote, akamuuliza Adongo habari za mama yake huko Kisumu, akaondoka, akakataa nimsindikize.

Tangu siku hiyo simu zangu hashiki, za Muturi anashika. Amemwambia Muturi kwamba hata Mungu akitupa msichana, tutafute jina kwingine, la kwake limeshaenda. Muturi akasema ni game tu, mama. Mimi kwa hofu nikabadilisha jina la jitu, nikaliita Jabali, Muturi akampigia kumwambia tumelitoa, na mama akasema, "Kwa hivyo sasa nimefutwa kabisa," akakata simu. Nikalirudisha Waithera. Adongo akasema basi tulitoe lenyewe kwenye kikosi tuweke lingine la moto, tukajaribu na wale vijana wa kina Kipkemoi kutoka Njoro, tukapigwa mpaka wakatuonea huruma. Tukilitoa tunaanguka, tukilibakisha mama ameumia, tukilibadilisha jina ameumia zaidi. Niache mashindano? Niache mchezo kabisa? Adongo amefanya kazi sana kwa hiki kikosi na mimi namharibia. Muturi anasema natengeneza mlima kwa kitu kidogo, halafu usiku namsikia anageuka geuka. Na mimi nampenda yule mama, alinipokea kuliko nilivyotarajia, sitaki nikizaa siku moja mtoto akose jina kwa sababu ya simu. Niambie nifanye nini, hata ukinigombeza ni sawa, bora niambiwe.

Natalie, Bondeni

NABALAYO ANAJIBU

Natalie, kwanza vuta pumzi, maana barua yako haina mahali pa kupumulia na mimi nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nilimwita Kiprugut wa meza ya michezo aje anifafanulie hayo majitu. Alisoma maelezo yako akatikisa kichwa, akasema jirani yako Adongo anajua anachofanya, na kikosi kisicho na mmoja wa kustahimili vipigo hakimalizi raundi mbili. Basi la jitu tulimalize hapa: libaki kwenye kikosi. Mashindano nenda. Adongo umemwahidi na ahadi ni ahadi. Ila mwambie apunguze sauti, na mkiwa nyumbani kwako, jitu hilo aliite "wa mawe", mpaka mambo yatulie.

Sasa nikugombeze kama ulivyoomba. Wewe ni binti wa Kikuyu, unajua jina la mama wa bwana linakaa likingoja nini. Mama amekaa Kuresoi miaka minne hajauliza, hajakusuta, hajawatumia mchungaji. Halafu siku anayoleta viazi anasikia Waithera achapwe, akizima aingizwe mwingine. Wewe ungekunywa chai? Mimi ningerudi na viazi vyangu. Na kumwonyesha lile jitu likiwa limelala chali, Natalie, hapo ulikuwa unafikiria nini? Baba yako anacheka kwa sababu ana wajukuu wengine wa kubeba jina lake, sitaki kubahatisha lakini nadhani sijakosea. Mama Muturi ana nini?

Na Muturi naye, najua atasoma hii. Muturi, "ni game tu" ni maneno ya mtu anayetaka kulala. Mke wako anakusikia ukigeuka geuka. Huyo ni mama yako, na mwenye kumweleza mambo ya nyumba yenu alikuwa wewe, tangu mwanzo. Umemwacha mke wako abebe hili peke yake na anakosea kwa sababu amechoka.

Nimemaliza kugombeza. Sasa nije kwa lile uliloliruka.

Katikati ya barua, kati ya mama mkwe na yai la jitu, umepitisha mimba ya miezi mitano, msichana, kisha ukaniambia si jambo unaloandikia. Dada yangu, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na watu huniletea sufuria iliyovunjika wakati nyumba imeungua. Pole sana. Pole wewe, na pole Muturi. Hakuna mtu aliyewaambia pole kwa sababu hamkumpa mtu nafasi ya kusema, kwa hivyo naisema mimi hapa gazetini na nairudia, poleni.

Unauliza kwa nini uliyapa majitu majina ya ukoo, unasema ilikuja tu. Haikuja tu. Mlikuwa mmeshaambiwa ni msichana, na kwenu msichana wa kwanza akishajulikana jina lake halina mjadala. Ulikuwa umeshamwita moyoni. Ukarudi nyumbani na jina mdomoni na hakuna wa kumpa, likaja jitu la mawe, ukalipa. Sioni dhambi hapo. Naona mama aliyefiwa anatafuta mahali pa kuweka jina.

Lakini mama mkwe wako hajui. Yeye anachojua ni kwamba miaka minne imepita, na jina lake limepewa mchezo kabla ya kupewa mtu. Ulipolifuta akaona hata hapo penyewe ameondolewa. Kwa habari alizo nazo yeye, hana kosa hata moja. Mlimficha mkisema hamtaki aumie, na sasa ameumia kwa jambo lisilo la kweli, na ninyi mmeumia kwa la kweli, kila mtu kwake. Huko ndiko kuchanganyikiwa kwako kunatoka. Ndiyo maana kila unalofanya na simu halisaidii.

Kwa hivyo fanya hivi. Jumamosi hii, kabla ya mashindano, nendeni Kuresoi, wawili. Msipige simu kuomba ruhusa, hiyo ni nyumba yenu. Bebeni sukari, majani ya chai na unga, msiende mikono mitupu. Simu yenye mchezo iache Bondeni. Mkifika mama akiwa shambani, msimngoje nyumbani kama wageni, chukueni jembe mwingie naye kwenye mstari, hapo maneno hutoka kwa urahisi kuliko kwenye kiti. Muturi ndiye aanze kuzungumza, amweleze habari ya ile mimba. Asijifanye shujaa, na asizunguke kwa habari za mvua na bei ya viazi.

Mama anaweza kukasirika. Anaweza kuuliza kwa nini hakuitwa kukukanda na kukupikia uji, na ana haki ya kuuliza, na msijitetee. Anaweza kulia, na akilia usimwambie anyamaze. Siwaahidi kwamba mtarudi mjini siku hiyo mkicheka. Hata jina la jitu, libaki au libadilike, mwachie yeye aamue siku atakayotaka mwenyewe kulizungumzia, na atakachosema ufanye bila kubisha, hata Adongo akilalamika. Na wewe Natalie, wiki hii nenda zahanati ukaongee na muuguzi. Uliniambia hukula wala kulala, hukuniambia kama ulirudia kula na kulala.

Jambo la mwisho ndilo nataka ulishike. Muturi akishasema yake na zamu yako ifike, usianze kwa kuomba msamaha wa mchezo, usitaje mashindano wala jitu. Mwite mama kwa Kikuyu chenu, mwangalie usoni, umwambie, "Mama, Waithera alikuja, lakini hakukaa." Kisha unyamaze, umwache ampokee.