Zamu ya Mama Kwenye Behewa Lako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba mtu haanzi kumwaga shida zake kabla ya salamu, hata kama nyumba inaungua. Basi nimesalimu. Sasa nisikilize: nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na sehemu kubwa ya uchovu huu umenipa wewe, ndiyo maana nakuandikia wewe na siyo mtu mwingine.

Tangu tukuzike hapa Rhotia, mambo mengi yamekwenda kama kawaida. Mvua zilichelewa, mahindi ya upande wa juu yakakauka, maharage yetu ya ngwara yakatuokoa. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa dume. Mdogo wangu Emanuel bado anaendesha watalii. Anateremka nao kwenye kreta ya Ngorongoro asubuhi na kurudi jioni ana vumbi mpaka kwenye kope, akilalamika kwamba kila mgeni anamuuliza kifaru yuko wapi kana kwamba yeye ndiye amemficha. Habari hizo zingetosha barua nzima. Tatizo ni Mama. Baada ya arobaini yako, Mama alibeba godoro, blanketi na jiko lake la mkaa, akaihama nyumba ya matofali uliyomjengea, akahamia kwenye behewa.

Nina hasira na behewa hilo, kwa hiyo acha nilisimulie kidogo. Umri wako wote wa kazi ulikuwa gadi wa treni kwenye lile tawi la reli la kule chini, ukikaa kwenye behewa la mwisho kabisa na bendera zako na filimbi. Tawi likafa. Treni za Arusha zilikuja kurudi, tawi lenu halikurudi, hata vyuma vya njia viling'olewa. Walipoanza kuuza mabaki kama skrepa, wenzako walinunua mabati na milango ya kujengea. Wewe ukanunua behewa lako la gadi. Likaletwa juu ya semi lililokuwa linarudi tupu kutoka kushusha vitunguu vya Mang'ola, magurudumu yameachwa hukohuko, na Rhotia nzima ikatoka kushangaa. Mama alisimama mlangoni amejishika kiuno, akasema, "Wanaume wengine wakistaafu wanarudi nyumbani. Huyu wangu amestaafu akarudi na kazi." Ulicheka mpaka ukakohoa. Mkaliweka juu ya mawe na magogo ya mkaratusi, mlango ukitazama barabara.

Halafu ukaanza kuwatafuta ndugu zake. Nasema ndugu kwa sababu ndivyo ulivyowaita. Kulikuwa na behewa la abiria, daraja la tatu, ambalo lodji moja njiani kuelekea geti la Ngorongoro ililigeuza baa. Jumapili baada ya misa ulikuwa unakwenda kukaa humo, unakataa soda, unawaonyesha wahudumu jinsi dirisha linavyofungwa, mpaka meneja akawa anakuita mzee wetu. Na kulikuwa na lile tangi la behewa la mafuta lililoishia Mang'ola nilikoolewa, kwa jirani yetu, linahifadhi maji ya kumwagilia vitunguu. Ulikuwa unaligonga kwa kidole na kulisabahi kabla hujaingia kwangu. Mume wangu Yohana akaniuliza, "Baba mkwe amekuja kutuona sisi au tangi?"

Tulidhani Mama atakaa behewani wiki chache, majonzi yapungue, arudi ndani. Ikaja Juni, ikaja Julai. Unaujua ukungu unaoshuka huku kutoka upande wa kreta. Kile chuma kinatoa jasho kwa ndani, blanketi linaamka na maji. Mama akaanza kukohoa. Akawa anawasha jiko la mkaa na kufunga mlango, na Emanuel akaniambia kwenye simu, "Dada, siku moja tutafungua tukute moshi umeshammaliza." Nikapanda kutoka Mang'ola kuja kumuuguza kidogo. Nilibeba nguo za kubadilisha mara mbili tu.

Daktari alisema kifua chake hakitaki baridi, ateremke kwenye joto. Kwangu kuna joto la kugawa. Chumba kilishapigwa chokaa, kitanda kilishatandikwa. Mama akasema, "Siwezi kuondoka hapa." Basi. Hakusema sababu. Nikabaki naye, na vitunguu vyangu vikang'olewa bila mimi, na watoto wakazoea kwenda kusukwa nywele kwa jirani. Yohana ni mpole, unamjua, lakini hata yeye alifika mwisho. Aliniambia, "Paskalina, mimi sikuoa simu." Nililia nikiwa zizini ili Mama asione.

Tulijaribu kila kitu. Katekista alikuja akamsomea habari za wajane. Mama mdogo alikuja kutoka Mbulu, wakalala wote humo behewani wakicheka kama wasichana, akarudi Mbulu na mafua. Emanuel alilitoa jiko kwa nguvu; Mama akalirudisha mwenyewe, akakataa kumjibu salamu mpaka alipoomba radhi. Na kila jioni, Baba, Mama alikuwa anakishika kile kigurudumu cha breki ya mkono na kukikaza kwa mikono miwili, na asubuhi anakilegeza. Breki ya kitu kilichokaa juu ya magogo! Siku moja nikashindwa kuvumilia nikampigia kelele, "Mama, hili halina hata gurudumu moja!" Akanitazama kwa utulivu ulioniudhi zaidi. "Najua. Mimi siyo kichaa."

Aliyetufungua macho ni Mzee Mhina, yule dereva wako wa treni. Habari za kifo chako zilimfikia zimechelewa, akaja na basi, anatembea kwa shida, ameshika chupa ya asali kwa mikono miwili. Asali yenyewe, Baba, imetoka kwenye kichwa chenu cha treni. Kile alichokuwa anakiendesha yeye bado kimesimama kwenye karakana ya zamani, kwa sababu nyuki walihamia ndani yake. Mafundi wa gesi wamekwenda kukikata, wamekimbia. Wamerudi, wamekimbia tena. "Wenzake wote wameyeyushwa wakawa nondo," alituambia, "hiki changu kinatoa asali." Alisema hivyo kwa majivuno, halafu akatoa leso, akafuta macho.

Hakuingia ndani ya behewa. Alisimama chini, akabisha hodi, akangoja Mama amkaribishe, kama tunavyobisha hodi kwenye nyumba ya watu. Nadhani hicho ndicho kilichomlegeza Mama. Alimimina chai, akamkalisha kwenye kibaraza cha nyuma cha behewa, akamweleza kitu ambacho sisi wanawe hatujawahi kukisikia. Siku ile gari la jirani lilipokuja kukupeleka hospitali, mimi na Emanuel tukihangaika na mito na blanketi, wewe ulimshika Mama mkono, ukamwambia, "Mama Paskalina, baki na behewa. Usiliache mpaka nirudi au nimtume mtu."

Baba, ulikuwa na homa kali. Huenda uliona uko kituo gani sijui, kwenye pori lipi. Lakini ulimwambia hivyo mke wa gadi. Yeye ndiye aliyekuwa anakuletea chakula treni zikiharibika njiani, akakukuta umekaa na behewa lako, umeshinda na njaa, kwa sababu wa kukupokea zamu hajafika. Alikuuliza mara ngapi kwa nini usiondoke tu, na ukamjibu mara ngapi kwamba gadi haondoki. Alikuelewa kwa maisha yake yote. Siku ile ya gari alikuitikia, "Sawa." Hukurudi. Na hukumtuma mtu.

Niliposikia hayo nilitoka nikaenda kukaa kwenye kuni. Nilikukasirikia, acha niseme ukweli, nilikukasirikia kuliko siku uliyokufa. Kisha nikarudi nikamwambia Mzee Mhina, "Basi pokea wewe, mzee wangu, yaishe." Alishtuka kama nimemwambia aibe sadaka. "Mimi dereva, binti yangu. Dereva hapokei behewa la gadi." Nusura nimpige na chupa yake ya asali. Lakini nilipomsindikiza kwenda barabarani kungoja basi, akanieleza taratibu jinsi magadi walivyokuwa wanakabidhiana: wanazunguka wote wawili, anayepokea anaona kila kitu kwa macho yake, na anayeondoka hashuki mpaka amesikia kwa sikio lake kwamba amepokewa. Nikamuuliza, na wa kumtuma huyo mpokeaji ni nani? Akasema, kwa hapa, ni yule aliyeacha agizo. Yaani wewe.

Basi nikatumia jina lako. Hiki ndicho nilichotaka ukijue kutoka kwangu kabla hujakisikia kwa mwingine.

Asubuhi yake nilimaliza kukamua, nikanawa miguu, nikavaa viatu vya kanisani. Nikaenda nikasimama chini ya ngazi, pale aliposimama Mzee Mhina, nikabisha hodi. Mama akatokea na kikombe mkononi. Nikasema, "Nimetumwa na Baba. Nimekuja kukupokea zamu."

Aliweka kikombe kizingitini. "Amekutuma lini?"

"Nimemuota."

"Alikuwa amevaa nini?"

Hilo sikulitayarisha. Likanitoka tu lililo kweli. "Sweta lake la kijani, lile la kiwiko kilichotoboka. Analalamika chai ni ya moto."

Mama alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Sijui kama aliniamini, Baba. Labda aliniamini. Labda alikuwa amechoka kama mimi, anangoja tu mtu mmoja aseme maneno yanayotakiwa yasemwe, hata kama hayajatoka kwako.

Akanipandisha. Akanionyesha benchi lako, na mahali pa taa, na dirisha linalokwama ambalo lazima lisukumwe kwanza ndipo livutwe. Akanionyesha panapovuja. Akanionyesha breki, akanishikisha, akaniambia imekazwa tangu jana. Kila kitu nilikigusa. Nilidhani nitaona aibu, mwanamke mzima wa umri wangu nacheza kitoto na mama yangu, lakini aibu haikuja. Tulipomaliza tukasimama kibarazani, naye akangoja. Nikasema, "Nimepokea, Mama."

"Lote?"

"Lote. Umeliacha salama."

Alikaa kwenye ngazi akalia. Msibani hakulia, watu walisema ana moyo mgumu. Alilia hapo, kwa sauti, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna kifo kingine. Alipomaliza akanishika bega, akashuka, akaenda kuwapa kuku maji.

Yohana alikuja mwenyewe kutuchukua. Sasa Mama yuko Mang'ola. Anakaa juani na wanawake wanaokata majani ya vitunguu, anawagombeza kwamba wanakata fupi mno, na wanamwogopa kana kwamba shamba ni lake. Kikohozi kinaisha. Siku ya kwanza aliliona tangi lako kwa jirani, akageuza uso. Siku ya pili nikamwona anazungumza na mwenye nalo, lakini mambo ya mbegu tu. Usiku analala, Baba. Nimekwenda kumsikiliza mlangoni, analala kabisa.

Mimi nimepanda Rhotia kufunga nyumba na kumkabidhi Emanuel ng'ombe. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi lako, miguu imekuwa barafu. Emanuel anasema ile lodji ya njiani inalitaka hili nalo, waliunganishe na lile la baa. Jirani wa hapa naye analitaka la kuku. Wote wawili wananisubiri mimi, kwa sababu Mama amewaambia wazi kwamba yeye hahusiki tena, mwenye zamu ni Paskalina. Unaona ulichonifanyia? Niliingia humu kwa uongo ili nimtoe yeye, na nikashuka nimeibeba zamu mimi.

Lakini mimi siyo Mama. Mimi nitaliacha. Nimekaa nikaliangalia leo tangu asubuhi, mbao ulizokuwa unazipaka mafuta kila mwezi, na nimelia kiasi changu, na bado nitaliacha. Watakaoliwahi walichukue, wanywee bia humo au wafugie kuku. Sitalikabidhi kwa mtu yeyote kwa ule utaratibu wenu, nisije nikamfunga na mwingine. Kama umekasirika kwamba nilitumia jina lako bila ruhusa, njoo kwenye ndoto ya kweli uniambie. Sitakuomba msamaha, ila nitakusikiliza.

Ninachokuahidi ni kimoja. Mama hatalala tena kwenye baridi, na hatamngoja mtu peke yake mpaka siku yake ifike. Hilo nitalilinda kama ulivyokuwa unazilinda treni zako, na halihitaji uniagize.

Kwaheri, Baba. Na kama na wewe uko huko umekaa na njaa, unangoja wa kukupokea kwa sababu hakuna aliyekuja kukwambia, basi nakwambia mimi, binti yako: treni haiji. Shuka.

Paskalina