Darubini Niliyomnunulia Baba

Toivola, Michigan
4 Desemba 1988

Mpendwa dada yangu Marlene,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Dwight, na kifua cha Carol kimetulia. Si jua la Arizona ndilo mlilolifuata huko? Basi lisipomfaa mpwa wangu, mrudisheni huku achote theluji kwa koleo, atapona. Sisi tu wazima. Goti langu linaniuma kila hali ya hewa inapobadilika, na hapa inabadilika kabla ya chakula cha mchana. Mwilini Baba hajambo. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Shangazi Elma ameuza ng'ombe wake wa mwisho. Sasa anakuja kwetu kila asubuhi kunywa kahawa na kulalamika kwamba hana la kufanya. Wifi yako Bernice anamvumilia kuliko mimi.

Marlene, umeniuliza kwenye simu mara mbili kuhusu ile darubini ya bunduki, nami mara mbili nikakujibu kwamba mambo yalikwenda vizuri. Nilikudanganya, na nimechoka kuubeba uongo huo peke yangu.

Unakumbuka ulivyonituma. Mtoto wa jicho amemzidi Baba, hawezi tena kulenga kwa vile vyuma vya juu ya mtutu, na upasuaji umepangwa Aprili. Hajawahi kukosa msimu wa kulungu tangu akiwa na miaka kumi na minne. Ukatuma dola sitini, nami nikaongeza arobaini za kuni nilizouza, tumnunulie darubini ya kumvusha msimu huu mmoja.

Nilikwenda kwa Hilja, yule mama mwenye duka la nyavu na risasi. Alinitolea darubini moja iliyokwisha kutumika, nyeusi, imechubuka, inakuza mara nne tu na haina cha kuzungusha. Alisema kioo chake ni kizuri na imefungwa barabara, maji hayaingii. Kando yake palikuwa na mpya kabisa, ndefu, inakuza hadi mara kumi na sita, ina taa nyekundu katikati. Bei ni ileile. Unanijua, dada. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya taa.

"Rudy, unanunua darubini au televisheni?" Hilja akaniuliza.

"Nataka Baba aone."

"Baba yako anapiga kulungu aliye umbali wa hatua hamsini, kwenye kinamasi cha mierezi. Mara kumi na sita za nini, ahesabu kope za kulungu?"

Watu dukani wakacheka, nami nikakasirika, nikalipia ile ya taa. Nilitaka kumpa kitu kinachoonekana ni zawadi. Ile iliyochubuka niliona itamwambia kwamba watoto wake wameungaunga, kumbe kuungaunga ndiko kulikotakiwa.

Usiku wa kuamkia ufunguzi wa msimu, kambini, nikafanya kosa jingine, na hili hata Carol angelijua. Bunduki hailali ndani majira ya baridi. Inabaki barazani na baridi yake, usije ukaitoa kwenye joto ikatoka jasho. Lakini nilitaka binamu Waino na Leroy waione, nikaiingiza ndani ya kibanda chetu cha uwindaji, ikazungushwa mkono kwa mkono kando ya jiko huku kila mmoja akilenga kalenda ya ukutani. Baba alikaa akitabasamu na kikombe chake, akisema, "Marlene na Rudy wamenifanya tajiri." Ikalala humo ndani.

Asubuhi nilitangulia kuitoa nje. Nikachungulia, nikaona ukungu. Nikafuta kioo kwa shati, ukungu ukabaki, maana ulikuwa ndani. Nikajiambia baridi itaukausha. Bunduki yangu mwenyewe, yenye darubini ya zamani isiyo na matata, ilikuwa begani kwangu. Ningeweza kumpa. Badala yake nikamkabidhi yake, nikasema, "Iko safi, Baba."

Saa nne asubuhi nikasikia risasi moja. Nilipomfikia alikuwa amesimama juu ya manyoya na matone ya damu kwenye theluji. Kulungu jike, alisema, na hakuwa na uhakika alimpata wapi. Tulimfuata kinamasini hadi giza likaingia, na kesho yake tena, mpaka theluji mpya ikafuta nyayo zote. Hatukumpata.

Unajua sheria ya Baba. Kulungu uliyemjeruhi ukampoteza ni wako, umekwisha kupata fungu lako. Alikifungua kibali chake cha kuwinda, kile tunachokivaa mgongoni mwa koti, akakitia ndani ya jiko, moto ukakila. Siku zote zilizobaki aliwamenyea wengine viazi. Waino alijaribu kumtania, "Mjomba, umekuwa mke wa kambi?" Baba akamjibu, "Lete sahani yako uoshewe." Hakuna aliyecheka, na Waino hakurudia.

Tuliporudi nyumbani alinipa bunduki, akasema macho yake yamekwisha. Niliipokea, nikamwacha aamini hivyo. Wiki iliyofuata akampigia simu daktari, akaufuta upasuaji. "Nipasuliwe ili nione nini?" alimwambia Bernice. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Jumamosi tukiwa wawili kwenye sauna nilimweleza yote, la Hilja, la jiko, la ukungu. Nilimwambia hayakuwa macho yake. Akamwagia maji mawe ya moto, akangoja mvuke upungue.

"Nilijua," akasema. "Niliuona ukungu kabla sijafika kwenye kigogo changu cha kukalia."

"Sasa kwa nini hukurudi, Baba? Ningekupa yangu."

"Ulikuwa umefurahi sana, Rudy. Nikasema nitakuambiaje."

Kisha akaniambia kwamba ukungu ulikuwa wangu, lakini kidole kilikuwa chake, na mtu anayepiga asichokiona vizuri kwa kuogopa kumwaibisha mwanawe hana haki ya kushika bunduki tena.

Bunduki aiache, dada, nitaizoea. Ila upasuaji asiuache. Mpigie wewe, wewe anakusikiliza. Usitaje darubini wala kulungu. Mwambie tu unataka awaone.

Maana jana nilimsomea barua yako, nikampa ile picha ya Carol. Aliipeleka dirishani, akaiinua, akaisogeza karibu na pua, akaigeuza kwenye mwanga. Halafu akaniuliza, "Gauni lake ni la rangi gani?" Nikamwambia ni la buluu. Angalau safari hii nilimwambia kweli.

Bernice anakusalimu sana, wifi yako huyo, na anauliza kama lile blanketi lilifika. Shangazi Elma anakusalimu, na Waino pia. Msalimie Dwight, na umbusu Carol kwa niaba ya babu yake. Mungu awalinde mlipo, na awape njia ya kuja Aprili.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kujutia,
Rudy