Nimechagua Darasa la Kwanza

Kasese

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mgongo umepoa, au bado unakuuma ukiinama kufua? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo kwa ndizi za huku. Baba mdogo Idi naye hajambo, na lori lake bado linakwenda Bwera na kurudi. Juma hili anakuja Busia, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Habari hii nataka uishike mkononi.

Mama, chuoni tulipewa fomu ya kuchagua: ukimaliza, utafundisha madarasa ya chini au ya juu. Najua ulivyotaka. Uliwaambia majirani wote kwamba mwanao atafundisha darasa la saba, lenye mtihani, na mimi mwenyewe nilitaka hivyo. Wanaochagua watoto wadogo huku wenzetu wanawaita mayaya.

Kabla ya kujaza fomu nilipelekwa Bwera kwa mazoezi ya kufundisha, nikapewa darasa la sita. Kazi ilikuwa nyepesi: ukiandika ubaoni, wananakili, ukiuliza, wawili watatu wananyoosha mkono. Wiki ya tatu mwalimu wa darasa la kwanza akajifungua, na mwalimu mkuu akanihamishia huko.

Siku ya kwanza nilishindwa. Watoto zaidi ya themanini, wengine wanajua Kikonzo tu, wengine wanavuka mpaka asubuhi kutoka Kongo na Kiswahili chao. Mmoja akilia, wanalia kumi. Lori likapiga honi barabarani, nusu ya darasa ikatoka kulitazama. Mchana nilijificha nyuma ya jiko la shule, nikalia na mimi. Mpishi, mama Biira, akanikuta.

"Madamu, unalia nini?"

"Hawanisikilizi. Wale wa darasa la sita walikuwa wananyamaza."

"Wale walikuwa wanakuogopa," akasema. "Hawa iko wadogo bado, hawajajua kuogopa. Wewe unataka waanze?"

Kesho yake niliiacha fimbo ofisini, nikaketi chini nao. Kila asubuhi wao walinifundisha neno moja la Kikonzo, wakacheka matamshi yangu mpaka wakashika mbavu, na mimi nikawafundisha herufi moja. Tuliokota vizibo vya soda, tukavipanga sakafuni kwa umbo la herufi.

Wiki ya mwisho akaja mkaguzi kutoka chuoni, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi. Sote tunamwita Afande. Akakaa nyuma na daftari lake. Sijamaliza kusalimu watoto, mvua ikashuka, ikapiga mabati hata mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Msichana wa mbele, Kavira, akapiga kelele, "Madamu, hatusikie kitu!" Nilimwelewa kwa midomo tu.

Afande akatazama saa. Nilijua akifunga lile daftari, nitarudia mazoezi yote. Nikaweka kidole mdomoni, kisha nikaandika herufi hewani kwa mkono mzima. Mikono yote ikainuka, ikaandika nami. Nikaigiza mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, nikawaonyesha vizibo. Wakainama, wakaanza kupanga. Hakuna aliyetoka kutazama mvua. Kavira akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika ubaoni peke yake: mama. Mama, alikuwa hajawahi kuandika neno zima.

Mvua ilipotulia, Afande alikuwa amesimama.

"Wewe iko mwalimu ya hawa wadogo," akasema. "Nani anataka kukupeleka darasa ingine?"

Alinipa alama za juu kuliko wote tuliokwenda Bwera. Jioni ile ile nilijaza fomu: madarasa ya chini. Na mwalimu mkuu ameniomba nikimaliza chuo nirudi kwake.

Najua utanuna kidogo, na majirani watauliza. Waambie hivi: wa darasa la saba ningewakuta wanajua kusoma tayari. Hawa nilikuwapo siku walipoanza.

Nisalimie Nyanya, umsomee barua hii polepole. Nisalimie shangazi yangu wa sokoni, na kaka yangu fundi baiskeli, mwambie asije akaniita yaya. Nakuombea afya, Mama, nawe niombee.

Ni mimi binti yako,
Zaituni, mwalimu wa darasa la kwanza