Nyama ya Mgeni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Hizo zamu za usiku zimekuachia macho? Na kile kikohozi kimeisha, au bado unakipuuza kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako analalamika mgongo, lakini mgongo wake huuma siku za kufua tu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Wapwa zako wanakua, viatu haviwatoshi.

Uliniomba nikueleze ukweli kuhusu Baba, nisikufiche kitu. Nilichelewa kujibu kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mbaya. Sasa naweza kuandika.

Tangu afunge bucha na kuhamia kwetu, Baba akawa hali chakula. Si kwamba alikataa. Alikaa mezani, akashukuru, akaonja vijiko viwili, akasema, "Nimeshiba, mama." Mashati yake yakawa yanamning'inia kama bado yako kwenye kamba. Muuguzi wa zahanati alipompima aliniita pembeni, akaniambia uzito ukishuka tena watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Mzee aliyekuwa anabeba kondoo mzima begani, leo alishwe kwa mpira! Nililia njia nzima, nawe unanijua, mimi silii ovyo.

Nilidhani ni mkono wangu. Mchuzi wa kondoo ndio chakula chake siku zote, kwa hiyo nilikuwa namnunulia paja, nyama ya kwanza, laini, isiyo na mfupa. Nikaipika na nyanya, nikaipika na karoti, nikaioka kwenye chungu ndani ya oveni na viazi juu mpaka vikawa vya kahawia. Shemeji yako akasema tatizo ni meno. Basi nikakata vipande vidogo kama vya kulisha paka. Nimeshiba, mama. Waliokuwa wananenepa ni shemeji yako na wanawe.

Halafu akaja Shangazi. Unamjua dada yake Baba, haingii nyumba ya mtu bila kufunua sufuria. Akafunua, akachungulia, akauliza, "Leo mna mgeni gani?" Nikamwambia hatuna mgeni, nampikia Baba. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Paja? Baba yenu lini alikula paja nyumbani kwake?"

Nikabaki na mwiko mkononi. Mdogo wangu, tumekulia buchani na hatukuwahi kujiuliza. Paja lilikuwa la wateja. Likibaki, Mama alilipika wageni wakija, na sisi tulifukuzwa jikoni tusije tukalidokoa. Chakula chetu wa nyumbani kilikuwa shingo na miundi, ile mifupa ya miguu, vile vilivyokosa mnunuzi, na marehemu Mama aliviacha motoni tangu asubuhi mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Kumbe mimi, kwa heshima zangu zote, kila siku nilikuwa namwekea mzee sahani ya mgeni. Naye alikula kama mgeni: anaonja, anashukuru, anaacha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata kisu cha kumenyea vitunguu nilimnyang'anya, eti apumzike.

Kesho yake nikaenda kwa muuza nyama wa sokoni, nikaomba shingo na miundi. Akaniuliza nafuga mbwa wangapi. Nikamwambia sifugi mbwa, ninaye mwenye bucha mstaafu nyumbani. Akaacha kucheka, akaniongezea mfupa.

Nikaweka nyama kwenye ubao, nikamwita Baba, nikampa kisu. Nikasema, "Baba, hii shingo mimi imenishinda." Alikipima kisu kwa kidole gumba, akaguna, akakinoa kwenye kitako cha kikombe, akaanza. Alifuata maungio tu, hakugonga mfupa hata mmoja. Na huku analaumu: kisu butu, ubao mdogo, aliyechinja alikuwa na haraka gani. Tangu ahamie kwetu sikuwa nimemsikia akilaumu kitu chochote. Nilifurahi kuliko kama angenisifu.

Nilikaanga nyama kwanza mpaka ikashika rangi, nikaitoa, nikakaanga vitunguu kwenye mafuta yaleyale, nikarudisha nyama na maji ya moto, chumvi, na shayiri kidogo ya kuupa mchuzi uzito. Nikakifunika chungu na kukiingiza kwenye oveni kwa moto mdogo. Nilitaka kuweka na viazi, Baba akanizuia. "Wacha pupa. Viazi mwisho, vitavurugika." Mchana kutwa nyumba ilinukia kama kwetu kule, nyuma ya bucha.

Alikula, mdogo wangu. Alikula, akaongeza, akanyonya mfupa kwa kelele mpaka wapwa zako wakaanza kumwiga. Tangu siku hiyo nyama ya nyumba hii anakata yeye, na kila kisu changu kina kasoro. Muuguzi anasema uzito unapanda, na habari ya mpira haitajwi tena.

Ila kuna jambo moja limenikaa moyoni. Siku ile, kabla sijapakua, Baba alichukua upawa akatafuta ndani ya chungu mpaka akaupata muundi wenye uboho mwingi, ule ambao Mama alikuwa anakuwekea wewe na mimi nanuna. Akauweka kwenye kisahani, akasema, "Mfunikie Kitindamimba." Niliingiwa na hofu, nikadhani akili zimeanza kumtoka. Nikamwambia taratibu, "Baba, mwanao yuko mbali." Akanitazama vile alivyokuwa anatutazama tukikosea chenji ya mteja. "Najua yuko mbali. Ndiyo maana nimesema ufunike."

Basi kila tukipika anakuwekea. Kesho yake wapwa zako wanaugombania, yeye anawaacha wale. Tukipika tena, anakuwekea mwingine.

Uliniuliza kama uombe likizo sasa au usubiri kwanza uone hali itakavyokuwa. Usisubiri iwe mbaya. Njoo angali anakata nyama mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini, na jibu lako hatalikubali. Shemeji yako anakusalimu kwa mgongo wake wote. Wapwa zako wanasema mjomba asisahau mpira, ule wa kuchezea, wa zahanati hatuutaki. Mungu akulinde kazini, na akufungulie njia ya kurudi.

Na ukija usitegemee paja. Hapa wewe si mgeni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipoandika,

Dada Mkubwa