Friza ya Mama

Columbus, Ohio
6 Machi 2023

Baba mpendwa,

Hujambo huko? Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Junie anaota jino, kwa hiyo nyumba nzima hailali, na saa kumi na moja alfajiri naingia kazini nikipiga miayo.

Naandika kwa sababu kwenye simu husikii. Ajabu ni kwamba mimi nikikupigia husikii, ila hao wanaodai deni la friza ya marehemu Mama uliwasikia vizuri! Eti utume dola ishirini tu, kuonyesha nia njema.

Usitume, Baba. Nimemuuliza mwanasheria wa msaada wa bure. Mambo ni mawili, usiyachanganye. Kwenye taarifa ya mikopo, ile inayosomwa na benki, deni hukaa miaka saba tangu uliposhindwa kulipa, kisha huondolewa. Lako limeshaondolewa. Kushtaki nako kuna muda wake, na wako umepita. Lakini ukilipa hata dola moja, muda wa kushtaki unaanza upya. Wakikushtaki wakashinda, wanaweza kuishika nyumba.

Binti yako,
Shelby


Gallipolis
14 Machi

Mwanangu,

Sijambo, goti halijambo, paka hajambo. Mbusu Junie hilo jino.

Umechelewa kidogo. Hundi ya posta nimeshainunua, iko juu ya friza. Sijaituma.

Wewe ulikuwa mdogo. Hershel mwenye duka aliileta friza ile mwenyewe, tukaishusha ngazi hadi chumba cha chini mimi na yeye, mama yako akitupigia kelele, "Orrin, ukuta wangu!" Karatasi tulisaini, lakini Hershel akasema, "Lipa ukipata." Nililipa mpaka mama yako alipoanza kwenda hospitali. Halafu sikulipa tena. Duka lilipofungwa nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Mtu mzima mimi, najificha!

Ndani ya friza bado umo mfuko mmoja wa matunda ya beri aliyochuma mama yako. Ameandika "Julai, tamu" kwa mwandiko wake. Ninawezaje kuila friza ya mtu bila kulipa?

Baba yako


Columbus
20 Machi

Baba,

Salamu nyingi. Jino limetoka, limeanza kuning'ata.

Nimeusoma mstari wa beri nikiwa jikoni, nikakaa chini. Nakumbuka vidole vyake vikiwa vya zambarau mpaka kanisani.

Lakini nisikilize. Hao wanaopiga simu si Hershel. Walinunua deni lako kwa senti chache. Hawakubeba friza, na Hershel hapati kitu. Kama roho inakuuma, Hershel yupo hai, nyumba yake unaijua. Vuka barabara.

Na karatasi ya mahakama ikija, usiiweke nyuma ya saa ya ukutani kama kawaida yako. Usipokwenda wanashinda hata kama muda umepita. Nenda, useme mwenyewe.

Binti yako


Columbus
11 Mei

Baba, u mzima? Mbona kimya? Uliituma ile hundi? Hata kama uliituma, niandikie. Sitakugombeza sana.

Shelby wako


Gallipolis
9 Juni

Mwanangu,

Nisamehe. Nilitaka kuandika nikiwa na la kusema.

Karatasi ilikuja. Haikukaa nyuma ya saa. Nilivaa koti nililomzikia mama yako, nikasimama mahakamani, nikasema muda wa kushtaki umepita. Hakimu akaniuliza, "Umelipa chochote karibuni?" Nikasema, "Hata senti, mheshimiwa. Binti yangu angenichinja." Watu wakacheka. Kesi ikafutwa.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Hershel. Akafungua mlango, akanitazama, akasema, "Miaka yote hii nilidhani nimekukosea mimi!" Baraza lake la mbao limeoza, kwa hiyo kila Jumamosi napigilia mbao kulipia friza. Yeye anakaa kwenye kiti ananikosoa.

Hundi niliirudisha posta. Zile dola ishirini nikanunulia unga, siagi na sukari. Nilifungua mfuko wa mama yako, Shelby. Nilioka pai, ukingo ukaungua, tukaila yote mimi na Hershel mpaka sahani ikabaki nyeupe. Beri zilikuwa bado tamu.

Ule mfuko nimeuosha, mwandiko haukufutika. Friza inanguruma tupu huko chini. Beri zitaiva mwezi ujao. Mlete Junie tuujaze mfuko.

Baba yako