Bei Niliyomtajia Mjane

Morogoro, masika yakielekea kwisha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute Bagamoyo umesimama kwenye meza yako ya kazi, na kifua kimeacha kukusumbua. Goti la mama je? Bado anapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta, au dawa ya yule mtawa imemsaidia? Mimi mwili hauna ugonjwa. Yaliyobaki nitakueleza, maana wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, na hapa sina mtu mwingine atakayeelewa.

Mume wangu Damiani bado yuko kwenye reli. Wamempeleka mbele ya Kilosa kutengeneza madaraja, na sijamwona tangu majirani walipoanza kufunga Ramadhani. Karakana nimebaki nayo peke yangu. Mwanzoni watu waliingia wakauliza fundi yuko wapi, na nilipojibu ni mimi walicheka. Walipoona pembe za fremu zangu zinavyokutana bila mwanya, waliacha kucheka. Natengeneza fremu za picha za watakatifu kwa Wakristo wa mlimani, na za aya zilizoandikwa kwa wino kwa Waislamu wa mjini. Mara moja nilitengeneza ya Kaizari, kwa karani wa boma. Karani huyo tulibishana bei mpaka adhana ya adhuhuri. Nilianzia rupia tano, yeye akaanzia nusu rupia. Akaniita mwizi, nikamwita bahili, tukamalizia mbili na nusu, akaondoka ameridhika. Ndivyo nilivyokuona wewe ukifanya. Unataja mara mbili ya bei unayoitaka, mnunuzi naye anajua, mnakutana katikati. Nilidhani hiyo ndiyo haki yenyewe.

Kabla ya mvua kubwa aliingia mama mmoja wa Kiluguru, jina lake Mama Anjela. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi mikono yako ni safi. Shika."

Ilikuwa picha ya wanaume kumi mbele ya shimo, na Mzungu ameketi kitini pembeni. Akaniwekea kidole chini ya mmoja wao. "Huyu ndiye wangu." Mumewe alikuwa akichimba ulanga, yale mawe ya mlimani yanayobanduka membamba na kupitisha mwanga. Amekufa huko shimoni. Mwenye mgodi alimpa mjane picha hii, na hakumpa kingine. Nyumba yake ina moshi na mende, kwa hiyo alitaka picha iwekwe ndani ya kioo.

Nikapima. Akaniuliza kitu gani hasa kinachopandisha bei.

"Kioo, mama. Kinaletwa na gari moshi kutoka Dar es Salaam, na kila sanduku lina vilivyovunjika."

Akakigonga kioo kwa ukucha. "Mume wangu alikuwa akitoa ardhini vioo vizuri kuliko hiki."

Nikasema rupia nne. Bei yangu ilikuwa mbili. Nikasubiri agune, aniite mwizi, aanzie chini. Akasema, "Haya."

"Nimesema nne, mama."

"Nimesikia. Nitakuja lini?"

Nisikufiche, Baba. Palikuwa na nafasi hapo ya kusema mbili, nami niliiona. Niliiacha ipite. Nilijiambia labda mumewe aliacha akiba, nikajiambia mbao zimepanda. Chini ya hayo yote nilikuwa nimefurahi. Alirudi baada ya wiki tatu na rupia nne zimefungwa kwenye pindo la kaniki, akaibeba fremu kwa mikono miwili, hakuiweka kichwani.

Jioni nilimsimulia Bi Tatu, jirani yangu anayeuza vitumbua. Nilimsimulia kama mtu anayejisifu.

"Hakuomba umpunguzie?"

"Hata kidogo."

Akaacha kugeuza vitumbua. "Wewe umesoma mpaka vitabu vikakuchoka, lakini hili hukufundishwa. Mumewe shimo limemfukia, hajatolewa mpaka leo. Hakumwosha, hakumzika. Unadhani alikuja kwako kununua fremu? Mwanamke yule alikuja kununua sanda. Sanda nani anaomba apunguziwe?"

 Fikiria, Baba: sisi tuliolelewa misheni, sanda zetu zilitoka stoo ya mapadri. Tangu nizaliwe sijaona mtu akinunua sanda. Sikujua kwamba kuna vitu ambavyo mtu hulipa bei ya kwanza, na kwamba anayeitaja lazima aitaje kwa haki, kwa sababu hakuna atakayemrudisha nyuma.

Baada ya siku chache nilijua fedha ilikotoka. Wanawake hushuka kutoka mlimani na masanduku ya ulanga kichwani, wakiyapeleka stesheni, na Mama Anjela alikuwa miongoni mwao. Alichukua malipo kabla ya kazi kwa msimamizi wa mgodi uleule, na sasa anayafanyia kazi, mzigo kwa mzigo, kwa njia ya matope. Mguu wake ulikuwa na kidonda kimefungwa jani. Aliponiona akatabasamu. "Picha haiingii moshi, mwanangu. Umefanya kazi."

Jumapili iliyofuata nilipanda mlimani na rupia mbili, nikafika alasiri. Fremu ameitundika ukutani, mkabala na mlango, na chini yake ametandika mkeka ambao mimi sikukaribishwa kuukalia.

"Nimekuletea hizi," nikasema. "Ile nne ilikuwa bei ya kuanzia tu. Bei ya haki ni mbili."

Alizitazama rupia mkononi mwangu, hakuzipokea. "Kwa hiyo unaniambia mume wangu nimemzika kwa bei ya kubishania?"

"Sivyo, mama."

"Ndugu zake walikuja hapa. Niliwaambia nimemwekea kitu cha rupia nne. Walikaa, wakalia, wakala, matanga yakaisha. Niwaite tena niwaambie ni cha mbili?"

Nikamwambia basi nitakwenda kwa msimamizi, nilipe deni lililobaki.

"Ukienda nitajua, na mlango huu hutaupita tena. Teremka, mvua inakuja."

Nikateremka na zile rupia mbili.

Tangu hapo sijui tena kutaja bei. Nimejaribu kusema ile moja tu ya haki, kwa kila mtu, tangu mwanzo. Karani wa boma alileta picha nyingine, nikamwambia mbili, akasema moja, nikasema ni mbili tu. Akanitazama kama niliyemtukana. "Mama fundi siku hizi hataki hata kuongea na watu," akasema, akaondoka na picha yake. Wengine nao wanaondoka hivyohivyo. Damiani akirudi atakuta mbao hazijaguswa, na sitakuwa na maneno ya kumweleza. Nikishika msumeno mkono unafanya kazi, lakini mtu akiniuliza "kiasi gani?" namwambia arudi kesho. Nimesali. Padri aliniambia nirudishe nilichozidisha, nami nimeshajaribu kukirudisha.

Usiniandikie kunifariji. Niandikie kama fundi kwa fundi: je, wewe katika miaka yako yote, uliwahi kumtajia mtu bei akasema "haya"? Ulifanya nini?

Msalimie mama, na dada yangu mkubwa na mtoto wake anayeota meno, na shangazi anayetuuzia chumvi, na yule mzee mpiga kengele aliyekuwa akinipa vipande vya mbao. Usiwasomee barua hii.

Nilikuwa nimeshaikunja nikaifungua tena. Wanawake wa ulanga wamepita sasa hivi. Bi Tatu amekuwa akihesabu, anasema Mama Anjela bado ana mizigo sita. Nilisimama mlangoni nimeandaa shikamoo yangu, maana mimi ndiye mdogo na ndiye ninayepaswa kuanza. Sikuwahi kuitoa. Alinisalimia yeye kwanza, chini ya sanduku lile, "Hujambo, mwanangu?", nami nikaitikia sijambo.

Ni mimi binti yako,
Perpetua